Mwanangu anaipenda baridi ya Minnesota: nimruhusu akavue samaki juu ya ziwa lililoganda?

*"Nilizaliwa Mwanza katika familia ya wavuvi, na sasa tunaishi Minneapolis. Mwanangu wa miaka tisa amezaliwa hapa hapa Minnesota. Juzi alimwambia bibi yake kwenye simu kwamba msimu anaoupenda kuliko yote ni wa baridi, na kwamba kwao ni Minnesota. Bibi alicheka, mimi sikuweza. Sasa mzee jirani yetu, mtu mwema anayetuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, amemwalika mtoto waende Ziwa Mille Lacs Jumamosi moja ya Januari wakavue samaki juu ya barafu. Mimi nikipita tu kando ya ziwa lililoganda magoti hulegea. Baba yangu alinifundisha kuliheshimu ziwa, na kuegesha gari juu ya maji naona ni kulidharau. Samaki wenyewe wanaishije humo? Mtoto hatapata nimonia? Na ninyi mnaoipenda baridi hii, mnapenda nini hasa?"*

Dada yangu, hofu uliyonayo ni ya mtu aliyelelewa na ziwa, na sina nia ya kukuondolea yote. Kazi yangu ni maziwa ya Minnesota, wakati wa maji na wakati wa barafu, na karibu kila majira ya baridi jimbo hili huwazika watu waliotumbukia. Sehemu kubwa yao huwa walikuwa kwenye magari, pikipiki za theluji na vyombo vingine vya moto. Kwa hiyo ukiniuliza kama hatari ipo, ipo. Lakini nikiusoma ujumbe wako vizuri, unauliza kama mzazi mwenye akili timamu anaweza kumpeleka mtoto wake juu ya ziwa lililoganda, na kama mtoto anayelipenda ziwa la namna hiyo amekuponyoka. Nitaanza na barafu yenyewe, kwa kuwa mengi unayoyaogopa yanatokana na kutoelezwa jinsi inavyofanya kazi.

Wengi wetu tuliotoka nchi za joto hudhani kwamba ziwa likiganda limeganda lote, kuanzia juu hadi sakafuni. Sivyo. Maji huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yakiwa na nyuzi 4 hivi za Selsiasi, wala si yanapokaribia sifuri. Kuanzia Oktoba upepo wa baridi huyapoza maji ya juu, yakawa mazito na kuzama, na ya chini yakapanda kushika nafasi yao. Mzunguko huo huendelea mpaka ziwa zima lifikie nyuzi 4. Kuanzia hapo maji ya juu yakizidi kupoa huwa mepesi, hayazami tena, na usiku mmoja upepo ukitulia, yanaganda. Barafu ni nyepesi kuliko maji kwa karibu asilimia 8, ndiyo maana inaelea. Chini yake maji hubaki maji, yakiwa karibu na sifuri pale yanapogusana na barafu na kukaribia nyuzi 4 sakafuni, na samaki huishi humo miezi yote wakiwa wamepunguza mwendo na ulaji. Sato wa kwenu akiletwa hapa angekufa hata kabla barafu haijashika, kwa maana maji ya juu ya Ziwa Victoria hukaa karibu na nyuzi 25 mwaka mzima na mwili wake umezoea hivyo. Samaki wa hapa wameumbiwa baridi.

Kinachowaua samaki wa hapa wakati huu ni kukosa oksijeni. Theluji nene ikitanda juu ya barafu, mwanga haupenyi, mimea ya majini hushindwa kutengeneza oksijeni, kisha hufa na kuoza, na uozo huo hula oksijeni iliyobaki. Jambo hili hutokea zaidi kwenye maziwa madogo yenye kina kifupi, na baadhi yake huwekewa mashine za kusukuma hewa majini. Ninalitaja kwa sababu linamhusu mwanao moja kwa moja: palipo na mashine ya namna hiyo barafu huwa nyembamba au haipo kabisa, na pembeni huwekwa alama za onyo. Mtoto azijue alama hizo kabla hajajua kufunga ndoana.

Sasa uimara wa barafu. Unene peke yake hautoshi. Aina ya barafu ni muhimu vilevile. Barafu iliyoshika karibuni, ngumu, iliyo wazi kiasi cha kuona weusi wa maji chini yake, ndiyo imara kuliko zote, ijapokuwa mgeni ndiyo anayoiogopa zaidi. Barafu nyeupe hutokana na theluji iliyolowa maji ikaganda tena, na nguvu yake ni karibu nusu ya ile ya kwanza, kwa hiyo inatakiwa iwe nene maradufu. Halafu kuna barafu ya mwisho wa msimu, kuanzia Machi, ambayo jua limeshaipenya ikagawanyika kuwa nguzo ndogo ndogo za wima. Ukiipima unaweza kuikuta nene, lakini iko kama miti ya uzio iliyosimama bega kwa bega pasipo kamba ya kuifunga. Hiyo usimruhusu mtoto aikanyage, hata akilia.

Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri kwamba kwa mtu anayetembea kwa miguu barafu mpya iliyo wazi iwe na unene usiopungua inchi 4, yaani sentimita 10 hivi. Kwa pikipiki ya theluji ni inchi 5 hadi 7, na kwa gari dogo inchi 9 hadi 10. Januari ya baridi ya kawaida maziwa mengi ya kati na kaskazini mwa jimbo huwa yamepita vipimo hivyo kwa mbali, na sentimita 60 si jambo la kushangaza. Hata hivyo idara hiyo hiyo husema hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100, na mimi naliunga mkono neno hilo. Ziwa halina unene mmoja. Penye chemchemi, kwenye mto unaoingia au kutoka, chini ya madaraja, kwenye matete na pembeni mwa nyufa kubwa, barafu inaweza kuwa nusu ya ile iliyo hatua chache kutoka hapo. Theluji nayo inadanganya: watu huiona nene wakadhani ziwa limeganda zaidi, kumbe theluji huzuia joto la maji lisitoke na kufanya barafu ikue polepole.

Ndiyo maana mtu anayejua kazi hii hupima anavyokwenda. Jirani yako akiwa mvuvi wa kweli utamwona ameshika mtaimbo wenye ncha bapa kama patasi, anaupiga mbele yake kabla ya kunyanyua mguu. Kila baada ya hatua kadhaa atatoboa kwa keekee. Mwambie mwanao ainame atazame tundu la kwanza, kwa sababu hapo ndipo watoto hushikwa. Keekee inatoa kwanza vumbi jeupe kavu, halafu ghafla uji wa barafu na maji unafurika kuzunguka viatu. Mzee atauchota kwa upawa wenye matundu, na ndani mtaona ukuta laini wa rangi ya bluu hafifu, na maji yamepanda yakasimama karibu kabisa na juu. Katika barafu ya sentimita 30 yatasimama kama sentimita tatu tu chini ya ukingo, kwa sababu barafu yote mnayoikanyaga inaelea, na sehemu kubwa yake imezama. Kisha mzee atateremsha futi, ainase chini ya ukingo wa barafu na kusoma kipimo. Huko ndiko kuliheshimu ziwa, dada. Baba yako alitazama mawingu na upepo kabla ya kusukuma mtumbwi. Huyu anasoma barafu. Anayelidharau ziwa ni yule anayeendesha gari hadi katikati kwa sababu ameona gari la mwenzake.

Mtasikia pia kelele, na ni vizuri ujue mapema. Jioni baridi inapozidi, ziwa hunguruma, hupiga mlio mrefu unaokimbia kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, na mara nyingine mshindo mkubwa chini ya miguu. Barafu husinyaa na kutanuka kadiri joto la hewa linavyobadilika, na nyufa hizo ndizo zinazolia. Kwenye barafu nene iliyokwisha kupimwa, sauti hiyo si dalili ya kuvunjika. Dalili za kuogopa ni maji kupanda juu ya barafu, ufa ulio wazi unaoonyesha maji, na barafu inayobonyea mtaimbo ukiipiga.

Mille Lacs lina tabia zake. Ni ziwa kubwa, la takriban kilomita za mraba 535, lenye kina cha mita 13 hivi pale penye kina zaidi, na katika ukubwa huo upepo una nguvu ya kusukuma barafu ikapasuka na kufanya kuta za mabonge. Desemba 2023, majira ya baridi ambayo hayakuwa na baridi ya kutosha, zaidi ya watu 100 waliokolewa kwenye ziwa jingine la kaskazini, Upper Red Lake, baada ya pande la barafu walilokuwa wakivulia kujitenga na ufuko. Aliyesimuliwa habari hiyo hapaswi kuendelea kupuuza utabiri wa upepo. Kwenye Mille Lacs wapo wenye hoteli za ufukweni wanaotunza njia juu ya barafu, wanaipima kila siku, wanaweka madaraja juu ya nyufa na kulipisha ada. Kwa safari ya kwanza ya mtoto, nisingekubali aingie ziwani kwa njia nyingine. Na nisingependa avuke akiwa ndani ya gari ikiwa inawezekana kutembea. Gari linapokwenda, hufanya wimbi kwenye maji yaliyo chini ya barafu, na wimbi hilo likigonga ufuko na kurudi linaweza kuipasua barafu ambayo ingelibeba gari lililosimama. Wanaolazimika kuendesha huenda polepole sana, mikanda ikiwa imefunguliwa na madirisha yameshushwa.

Kabla ya Jumamosi hiyo, kaa na jirani yako ukamwulize: unene umepimwa wapi na lini, na nani, mtaingilia wapi, nani ufukweni atajua mnarudi saa ngapi, na kibanda mtakachokaa kinapashwa joto na nini. Swali la mwisho husahauliwa na wengi, nalo ni zito. Jiko la gesi ndani ya hema lililofungwa linaweza kujaza hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani huko nyumbani. Kibanda kiwe na tundu la hewa, moja juu na moja chini, na king'ora cha kugundua sumu hiyo chenye betri nzima. Mtu akianza kuumwa kichwa na kichefuchefu, wote watoke nje mara moja na kupiga 911, namba ya dharura ya hapa.

Mtoto avae jaketi okozi juu ya nguo zake, na shingoni aninginize misumari miwili yenye mishikio, inayouzwa dukani wanakouza chambo. Mfundishe ukiwa sebuleni: akitumbukia, dakika ya kwanza kazi yake ni kutuliza pumzi, kwa sababu maji ya baridi hukulazimisha kuhema ovyo. Anazo kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado itamtii. Ageukie upande aliotokea, maana barafu ya huko ilikwisha kumbeba. Apige miguu kama anaogelea, achome misumari, ajivute kwa tumbo, kisha abingirike bila kusimama hadi afike penye unene. Mtu mzima asimkimbilie. Alale chini amrushie kamba. Mwenye kujua hayo yuko mbali na kifo kuliko anavyodhani, kwani kupoteza fahamu kwa sababu ya baridi mara nyingi huchukua karibu saa nzima.

Kuhusu nimonia, hii si fani yangu, lakini madaktari wamelieleza wazi: nimonia husababishwa na vimelea, na mtoto mzima wa afya aliyevaa vizuri hapati nimonia kwa kukaa nje. Baridi ina madhara yake yenyewe. Avae nguo za tabaka, ya ndani iwe ya sufu au ya sintetiki na si ya pamba, kwa sababu pamba ikishalowa jasho huiba joto la mwili. Kagua masikio, pua na vidole kila mara. Vitabu vingi husema ngozi iliyoganda hupauka na kuwa nyeupe. Kwa ngozi yetu nyeusi tazama rangi ya majivu, ugumu na ganzi. Usiisugue, na usiipake theluji. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu. Ikitoa malengelenge au ganzi isipoisha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto aliyekuwa akitetemeka akaacha, akaanza kusinzia au kuongea asivyoeleweka, huyo ni wa 911.

Kuna jambo moja ambalo majirani zako hawatalikumbuka, kwa kuwa ni nadra katika familia zao. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye seli mundu kwa wingi, na baridi inaweza kuamsha maumivu makali kwa mtoto mwenye ugonjwa huo. Ikiwa mwanao anao, safari hii isipangwe kabla ya kuonana na daktari wake uso kwa uso. Kwa mwenye pumu pia naomba daktari aulizwe, kwani hewa kavu ya baridi huyabana mapafu.

Sasa umeniuliza tunapenda nini. Mwaka 1886 watu wa St. Paul walianzisha tamasha lao la majira ya baridi, na inasimuliwa kwamba lilikuwa jibu kwa mwandishi wa gazeti la New York aliyeufananisha mji wao na Siberia na kusema haukaliki wakati wa baridi. Walijibu kwa kujenga jumba refu kwa matofali ya barafu yaliyokatwa na kupangwa, wakacheza humo. Tamasha hilo lipo hadi leo. Naipenda tabia hiyo ya jimbo hili, ya kutoka nje na kulifanyia sherehe jambo lile lile ambalo wengine wanalikimbia. Mwezi Januari, barafu ikiruhusu, Lake Harriet hapo hapo Minneapolis hujaa vishada, na familia hutembea mahali ambapo Julai zilipita kwa mashua. Watoto hufyagia theluji kwenye kidimbwi, wakaweka mabao mawili na kucheza hoki mpaka taa za barabarani ziwake.

Na uvuvi wenyewe ni starehe ya aina yake. Wadakota na Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hii, walivua kupitia barafu karne nyingi kabla jimbo halijaundwa mwaka 1858, na Waojibwe wa Mille Lacs bado wana haki ya kuvua ziwani humo chini ya mkataba wa mwaka 1837, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1999. Ipo namna moja ambapo kibanda hufungwa kisiingie mwanga hata kidogo. Baada ya dakika chache macho yakizoea, tundu kubwa lililo sakafuni huwaka kijani, kwa sababu mwanga wa jua umepenya barafu ya nje na sasa unatoka chini. Unaona mchanga, unaona magugu, unamwona samaki akipita taratibu asijue kwamba unamtazama. Nimewaona watu wazima wakinyamaza humo saa nzima pasipo kuona kuwa wamepoteza muda.

Anayetafutwa zaidi ni walleye, samaki rasmi wa jimbo tangu 1965. Macho yake hung'aa ukimmulika, kama ya sangara, na hula zaidi jua linapochomoza na linapozama, kwa hiyo mzee wenu huenda akataka kubaki hadi jioni. Nyama yake ni nyeupe, haina mafuta mengi, na hukubali ndimu, chumvi na mafuta ya moto kama minofu yoyote uliyokula Mwanza. Viwango vya walleye wanaoruhusiwa kubaki nao Mille Lacs hubadilika mwaka hadi mwaka. Soma sheria za msimu huu. Mtoto mkazi aliye chini ya miaka 16 hahitaji leseni, lakini wewe ukishika mshipi utaihitaji.

Nimesema "wewe" kwa makusudi. Unaweza kukataa, na hakuna atakayekulaumu, ila mtoto huyu atakua hapa, na siku moja rafiki wa umri wake atamwita ziwani pasipo mtu mzima. Ningependa wakati huo awe amekwisha kufundishwa na mtu anayepima. Unaweza kumruhusu aende na jirani peke yao, nalo si baya ikiwa majibu ya maswali yale yamekuridhisha. Ninalolipendekeza ni uende naye. Kama Mille Lacs ni kubwa mno kwako kwa mara ya kwanza, anzeni kwa kuteleza kwa sleji kwenye vilima vya Theodore Wirth Park, au kwenye viwanja vya kuteleza vya mtaani. Pia jimbo hutenga wikiendi moja katikati ya Januari ambapo mkazi anayempeleka mtoto wa miaka 15 au chini kuvua kwenye barafu hahitaji leseni.

Kuhusu maneno aliyomwambia bibi yake, sioni kwamba mtoto amekukana. Amependa ziwa alilolikuta, kama wewe ulivyopenda la kwenu kabla hujajua kwamba kuna mengine. Wewe ndiwe pekee katika safari hiyo utakayeweza kumsimulia, mkiwa mmekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa mkisubiri boya lizame, jinsi babu yake alivyokuwa akiusoma upepo wa Victoria. Na jirani yako, nina hakika, atataka kusikia pia. Mpigie simu leo umwulize kuhusu jiko la kibandani, kisha ukanunue misumari miwili na jaketi la kumkaa mtoto.